Maswali yanayoulizwa kila mara kuhusu C. difficile: kuharisha baada ya antibayotiki, na utafiti umefika wapi

Hapa nimeweka maswali ambayo watu huniuliza sana, wengine wakiwa dirishani maabara wanangoja majibu, wengine baada ya swala, wengine kwa simu usiku mzazi wao ashaenda choo mara kumi. Mi nafanya kazi maabara hapa Malindi, si daktari, kwa hivo dozi ya mgonjwa wako utaipata kwa daktari aliyemuona. Lakini utafiti wa hiki kidudu nimeufuatilia na unanigusa, manake naona watu wanaumia kwa kitu ambacho mara nyingi kimeanzia kwenye kibahasha cha dawa.

C. difficile ni kitu gani hasa?

Ni bakteria wa utumboni, anayependa mahali ambapo hakuna oksijeni. Watu wengi wanaye na hawajui, utumbo ukiwa sawa hana la kufanya. Shida inaanza akipata nafasi ya kuzaana kwa wingi, hapo anatoa sumu mbili, watafiti wanaziita sumu A na sumu B, zinaingia ndani ya seli za utumbo mpana na kuharibu protini ndogo zinazoipa seli umbo lake, seli inanywea, zinaachana, ukuta unavimba na kuvuja maji. Ndo mtu anaharisha maji mara tatu, mara kumi, mara kumi na tano kwa siku, tumbo linamsokota na homa juu. Ikizidi utumbo unafanya utando wa manjano kwa ndani, na ikifika pabaya kabisa utumbo unatanuka, unaweza kutoboka, na mtu anakufa.

Utaona pengine wameandika Clostridium difficile na pengine Clostridioides difficile. Ni huyo huyo mmoja, jina la mbele lilibadilishwa 2016. Mi naandika C. diff tu.

Sasa inakuaje dawa ya kutibu ndo ilete ugonjwa?

Hili ndo swali la maana kuliko yote hapa, kwa hivo nivumilie kidogo.

Utumbo wako una bakteria wengi mno wa aina mamia, na wengi wao wanakufaa. Unapomeza antibayotiki kwa ajili ya kifua au jino au kidonda, dawa haichagui, inashuka tumboni na kufagia wazuri pamoja na wabaya. Ukishafagia pale ndani hali inakuwa ni ile ya kiwanja kitupu hapa Malindi, usipokaa wewe ukaangalia utakuta mtu ashajenga. C. diff ndo huyo mjengaji, manake yeye ana spora, yaani anajifunga ndani ya ganda gumu ambalo antibayotiki hailiwezi, anangoja, dawa ikishapita anaamka.

Na hapo kuamka kuna utafiti mzuri sana ambao mi binafsi ulinifungua macho. Ini linatoa nyongo ili kusaga mafuta, na ile nyongo ya kwanza inayotoka ini ndo inaziamsha spora za C. diff. Kwa kawaida bakteria wazuri wanaibadilisha hiyo nyongo ikawa ya aina ya pili, na hiyo ya pili inamzuia C. diff kukua. Sasa ukishawaua hao wanaobadilisha, inabaki nyongo ya kuamsha tu na ile ya kuzuia haipo. Mwaka 2015 watafiti walionyesha kwa panya kwamba bakteria mmoja tu, anaitwa Clostridium scindens, akirudishwa tumboni anaanza tena kuitengeneza ile nyongo ya kuzuia na panya wanapata kinga. Kwa hivo si suala la nafasi peke yake, wale bakteria wazuri wana kazi kabisa wanaifanya, na ukiwaua kazi inalala.

Dawa zinazolaumiwa zaidi ni klindamaisini, zile sindano za kundi la sefalosporini kama ceftriaxone, na kundi la ciprofloxacin. Hata amoksilini inaweza. Hatari iko juu wakati unaimeza na ule mwezi wa kwanza baada ya kumaliza, ila inaweza kuendelea mpaka miezi mitatu, ndo maana daktari akikuuliza dawa ulizotumia usimtajie za juzi tu.

Nani wako kwenye hatari zaidi?

Wazee, hasa kuanzia miaka 65. Waliolazwa muda mrefu. Wenye saratani walio kwenye dawa, wenye figo, waliofanyiwa upasuaji wa tumbo, na yeyote ambaye kinga yake imeshuka. Dawa za asidi za kundi la omeprazole nazo zimeonekana mara nyingi kwa wagonjwa wa C. diff, ingawa watafiti bado wanabishana kama ndo zinasababisha au ni kwamba tu wagonjwa wengi wanakuwa wanazitumia.

Kiligunduliwa lini?

Mwaka 1935 Marekani, Ivan Hall na Elizabeth O'Toole walimkuta kwenye kinyesi cha watoto wachanga wazima kabisa. Alikuwa anawasumbua kumkuza maabara manake anakua polepole na oksijeni inamuua. Waliona anatoa sumu, wakaandika, na baada ya hapo watu hawakumshughulikia kwa miaka mingi, si alikuwa kwa watoto wazima?

Alafu ikaja klindamaisini. Mwaka 1974 kule St. Louis, Francis Tedesco na wenzake waliwafuatilia wagonjwa 200 waliopewa dawa hiyo, asilimia 21 wakaharisha na asilimia 10 wakakutwa na ule utando wa manjano utumboni. Hapo kila mtu akaanza kumtafuta mwenye makosa. John Bartlett na wenzake walitumia wanyama wadogo wanaoitwa hamsta, ukiwapa klindamaisini wanakufa kwa ugonjwa wa utumbo. Mwanzo walimshuku bakteria mwengine kabisa kwa sababu dawa ya kuua sumu ya yule mwengine iliizima pia sumu hii, kumbe sumu zao zinafanana. Mwaka 1978 ndo ikathibitika kwamba ni C. diff. Yaani miaka 43 kidudu kilikuwa kimeandikwa kwenye makaratasi na watu wanaumwa.

Nyanya yangu anaharisha, jirani kasema ni amiba tununue Flagyl. Tununue?

Msinunue kabla hajaonwa. Najua hapa kwetu kila tumbo ni amiba, na Flagyl iko kila duka la dawa, inakatwa kwa makasi vidonge sita ndani ya kibahasha cha khaki na kalamu juu yake 1x3, hakuna aliyeuliza nyanya ametumia nini wiki iliyopita. Sasa sikiliza utamu wa shida yenyewe. Flagyl, yaani metronidazole, kweli ilikuwa dawa ya C. diff kwa miaka mingi, kwa hivo nyanya anaweza kupata nafuu siku mbili mkasema mliona ilikuwa amiba, alafu inarudi na nguvu zaidi na hakuna kipimo kilichofanywa hata kimoja. Na akipewa antibayotiki ya aina nyengine ambayo haimgusi C. diff, mnazidi kumuua bakteria mzuri aliyebaki.

Swali la kumuuliza nyanya ni moja: umemeza au umechomwa antibayotiki yoyote miezi mitatu hii? Kama ndio, mwambieni daktari kabla hata hajauliza. Kipindupindu nacho kipo pwani na kinakuja kwa kasi yake, maji ya mchele masaa machache mtu ashaishiwa, kwa hivo wakati wa mlipuko msikae nyumbani mkipiga hesabu, pelekeni.

Mnapimaje?

Kwa choo, na kiwe choo cha kuharisha, yaani kinachochukua umbo la chombo ulichokitia. Ukiniletea choo kigumu sitakipima na usinikasirikie, manake mtu anaweza kuwa na kidudu bila ugonjwa na jibu litawapoteza. Mgonjwa awe ameharisha mara tatu au zaidi ndani ya masaa 24 na kusiwe na sababu nyengine iliyo wazi, mfano dawa ya kulainisha choo.

Kuna kipimo cha protini ya kidudu chenyewe, kuna kipimo cha sumu, na kuna PCR inayotafuta jeni la sumu. PCR ni kali sana, inamuona hata aliyelala tu, kwa hivo mahali pengi wanachanganya: wanaanza na kimoja kisha wanathibitisha kwa kipimo cha sumu, kwa sababu sumu ndo inayoumiza. Kumkuza kwenye sahani inawezekana pia, inataka mtungi usio na oksijeni na siku kadhaa, na ukifungua harufu inakupiga, wataalamu wanaielezea kuwa ni ya zizi la farasi. Inatoka kwa kemikali inaitwa p-kresoli ambayo C. diff anaitoa na inawasumbua bakteria wenzake.

Hiyo harufu imefanyiwa utafiti wa kweli, Uholanzi. Mbwa mmoja jina lake Cliff alifundishwa kuinusa, matokeo yakachapishwa 2012. Alipitishwa wodini kati ya wagonjwa 300, waliokuwa nayo ni 30 na akawatambua 25, na kati ya 270 wasiokuwa nayo akawapita sawasawa 265. Hospitali hazijajaa mbwa mpaka leo lakini inakuonyesha jinsi watu wanavohangaika kupata kipimo cha haraka.

Mgonjwa akishapona hatumrudii kipimo. Kinaweza kubaki na jibu la kuwepo wiki nyingi wakati yeye mzima.

Mtoto wangu ana miezi mitano, kapimwa kakutwa nayo. Nifanye nini?

Mama, pumua kwanza. Watoto chini ya mwaka mmoja wengi wanabeba hiki kidudu bila kuumwa, na ndo kule kule alikogunduliwa 1935. Maelezo yanayotolewa sana ni kwamba seli zao za utumbo bado hazijakomaa kuipokea ile sumu. Ndo maana miongozo inasema watoto wa umri huo wasipimwe kama kawaida. Kama anaharisha, kwa umri wake kuna virusi na vidudu vyengine vya kutafuta kwanza, na la muhimu ni ORS, zinki na kuendelea kunyonya.

Natumia sanitaiza kila dakika, si inatosha?

Haitoshi. Hapa nataka usome polepole. Sanitaiza ya spiriti inaua bakteria aliye uchi, spora haiigusi. Kinachosaidia ni sabuni na maji yanayotiririka, kwa sababu unaziondoa mkononi kwa kusugua, huziui, unazisukuma ziende na maji. Kwa hivo anayemuuguza mgonjwa avae glavu akimbadilisha, azivue, anawe kwa sabuni, mkono mzima na katikati ya vidole na chini ya kucha. Kunawa kwenye beseni ambalo watu wote wamechovya ndani hakufai, mmoja ashike kata au jagi amwagie mwenzake.

Spora zinakaa juu ya vitu miezi kadhaa. Sabuni ya sakafu ya kunukia haiziui. Dawa ya klorini inaziua, hiyo Jik ya dukani, lakini kwa utaratibu. Anza kufuta uchafu wote kwa maji na sabuni, manake klorini ikikutana na kinyesi nguvu inaishia hapo. Kisha changanya Jik mbichi na maji, kipimo kimoja cha Jik kwa tisa vya maji, ichanganywe siku hiyo hiyo, pakaa kwenye mahali pa kukalia choo, mpini wa kuflashia, bomba, kitasa, na ile kopo ya kuchambia ambayo watu wote huisahau na ndo inashikwa na kila mkono. Iache imelowa dakika kumi ndipo usuuze. Dirisha wazi, na usichanganye na asidi ya choo wala dawa nyengine, inatoa gesi mbaya. Nguo na shuka zifuliwe kwa maji moto mbali na za wengine.

Mkiwa na choo zaidi ya kimoja mpeni mgonjwa chake mpaka aache kuharisha.

Ina maana kila mwenye nayo kaambukizwa wodini?

Ndivyo ilivyodhaniwa miaka mingi. Oxfordshire, Uingereza, walichukua vidudu vya wagonjwa zaidi ya 1,200 tangu 2007 mpaka 2011 wakasoma jeni zote za kila kimoja, David Eyre na wenzake wakachapisha 2013. Asilimia 35 tu ndo walikuwa na kidudu kinachokaribiana na cha mgonjwa aliyetangulia. Asilimia 45 vidudu vyao vilikuwa tofauti kabisa na vya kila mgonjwa kabla yake. Kwa hivo kinatoka pia kwa watu wanaobeba bila kuumwa, kwenye udongo, kwa mifugo. Zimbabwe wamemkuta kwenye kuku wa sokoni. Hilo lisikufanye uache kuku, pika na unawe mikono.

Matibabu ni gani?

La kwanza, kama inawezekana, daktari anasimamisha ile antibayotiki iliyoanzisha. Kwa wengine wenye ugonjwa mwepesi hilo peke yake linasaidia sana.

Kisha vancomycin ya kunywa, kipimo cha kawaida kwenye utafiti ni miligramu 125 mara nne kwa siku, siku kumi. Nasema YA KUNYWA. Vancomycin ikipitishwa kwenye mshipa haifiki ndani ya utumbo mpana, inazunguka kwenye damu na kutoka kwa figo, kidudu hakiioni. Ukiinywa haiingii kwenye damu kwa kiasi cha maana, inateremka mpaka inapotakiwa, na hicho ndo tunachotaka. Mahali ambapo vidonge havipatikani, wafamasia huchukua ile poda ya sindano, wanaichanganya na maji, mgonjwa anakunywa. Kwa hivo ukiona muuguzi anampa mzee wako dawa ya sindano kwenye kikombe, hajakosea, ndivyo.

Nyengine ni fidaxomicin, iliidhinishwa Marekani 2011. Inaua C. diff na kuwahurumia zaidi bakteria wengine. Kwenye utafiti wa Thomas Louie na wenzake mwaka huo huo, waliorudiwa na ugonjwa walikuwa asilimia 15 upande wa fidaxomicin na asilimia 25 upande wa vancomycin. Bei yake ni ya kulia. Metronidazole imeshushwa daraja kwenye miongozo ya Marekani tangu 2018, inabaki kwa ugonjwa mwepesi pale hizo mbili hazipatikani, na kwa njia ya mshipa ikiongezwa kwenye vancomycin kwa mgonjwa aliye taabani.

Usimpe dawa ya kufunga tumbo, zile za loperamide, kwa shauri lako. Maji, ORS, uji mwepesi, supu, madafu kidogo, hivo sawa.

Mbona kwa mamangu imerudi mara mbili?

Kwa sababu dawa inaua kidudu lakini hairudishi wale bakteria wazuri, na spora bado zipo. Karibu mgonjwa mmoja kati ya watano anarudiwa baada ya mara ya kwanza, na kila ikirudi uwezekano wa kurudi tena unapanda. Si kwamba mamako ni mchafu wala hamkumuombea, nimeona familia zinalaumiana kwa hili na inaniuma. Rudini hospitali, msirudie cheti cha zamani dukani. Kuna utaratibu wa kumpunguzia vancomycin taratibu kwa wiki kadhaa badala ya kuikata ghafla.

Kulikuwa pia na bezlotoxumab, dripu ya kingamwili inayoizima sumu B, iliidhinishwa 2016 na ilipunguza kurudi kutoka karibu asilimia 27 hadi karibu 17. Watengenezaji wameacha kuitoa, mwanzoni mwa 2025.

Ni kweli watu wanatibiwa kwa kinyesi cha mtu mwengine?

Kweli kabisa, na ni moja ya matokeo yenye nguvu kwenye utafiti wote wa magonjwa ya utumbo.

Mwaka 1958 daktari wa upasuaji kule Denver, Ben Eiseman, alikuwa na wagonjwa wanne wenye ule utando utumboni, wanakwenda kufa. Akawatilia kwa njia ya nyuma maji yaliyochanganywa na kinyesi cha watu wazima wa afya. Wakapona. Wakati huo hata C. diff hajulikani kuwa ndo sababu, alikwenda na fikra tu kwamba antibayotiki zimeua kitu na kitu hicho inabidi kirudishwe.

Miaka 55 baadaye, Amsterdam, Els van Nood na wenzake wakaupima sawasawa kwa kuwagawa wagonjwa kwa kura. Waliopewa kinyesi cha mtu mwenye afya kwa mpira wa puani mpaka utumbo mdogo walikuwa 16, wakapona 13 kwa mara moja, na watatu waliobaki wakapewa tena, safari hii cha mtu mwengine, wakapona wawili. Kundi la vancomycin peke yake walipona 4 kati ya 13. Utafiti ukasimamishwa mapema, kuendelea kuwanyima wengine ingekuwa dhulma.

Siku hizi Marekani kuna bidhaa zilizoidhinishwa, Rebyota mwishoni mwa 2022 inayotiwa kwa nyuma, na Vowst 2023 ambayo ni vidonge vinne kwa siku, siku tatu, ndani yake kuna spora za bakteria wazuri zilizosafishwa. Kwenye utafiti wa hivyo vidonge waliorudiwa na ugonjwa ndani ya wiki nane walikuwa asilimia 12, na waliopewa vidonge vitupu visivyo na dawa ni asilimia 40.

Sasa tafadhali sana, USIJARIBU NYUMBANI. Mwaka 2019 Marekani wagonjwa wawili wenye kinga dhaifu walipata bakteria sugu kutoka kwa mtoaji mmoja, mmoja akafariki. Na hiyo ilikuwa hospitali, kwenye utafiti, na daktari yuko pale. Tangu hapo wanaotoa wanapimwa vitu vingi mno.

Lakini si ni najisi hiyo?

Swali la heshima na nimeulizwa na wazee ninaowaheshimu. Hukumu yake muulizeni sheikh wenu. Ninaloweza kuwaeleza ni vile lilivyo: kwenye vile vidonge bakteria wametengwa na kusafishwa kwa spiriti mpaka zikabaki spora, mtu hamezi kinyesi, na inatumika kwa ambao dawa za kawaida zimeshindwa. Mpelekeeni sheikh maelezo hayo kamili, asijibu kwa kusikia jina tu.

Maziwa lala yanasaidia? Na zile probayotiki za dukani?

Maziwa lala ni chakula kizuri, kama tumbo linayakubali kunywa. Kuwa ni kinga ya C. diff, ushahidi haujasimama. Uingereza walifanya utafiti mkubwa kwa wazee karibu 3,000 waliolazwa wakiwa kwenye antibayotiki, ukachapishwa 2013, nusu wakapewa probayotiki na nusu vidonge vitupu, hakukuwa na tofauti. Tafiti ndogo ndogo zikijumlishwa zinaonyesha nafuu fulani kwa walio kwenye hatari kubwa, wataalamu bado wamegawanyika. Pesa yako kama ni kidogo, nunua sabuni na ORS.

Chanjo je?

Bado. Sanofi waliacha ya kwao 2017. Pfizer walijaribu ya kwao kwa watu 17,500 wa miaka 50 kwenda juu, sindano tatu, na 2022 wakatangaza kwamba haikufikia lengo kuu la kuzuia maambukizi. Ila waliochanjwa na wakaugua, waliugua siku chache, na hakuna kati yao aliyehitaji kutibiwa na daktari, wakati upande wa pili walikuwepo 11. Mi naona hapo kuna kitu, kinga ya sumu inapunguza makali hata kama haimuondoi kidudu.

Huu si ugonjwa wa Wazungu?

Takwimu ndo za Wazungu. Marekani mwaka 2011 walikadiria wagonjwa 453,000 na vifo karibu 29,000, kwa sababu wanapima. Sisi hatupimi. Pale walipopima Afrika wamemkuta: Mwanza, Tanzania, utafiti uliochapishwa 2015 ulimkuta kwa wagonjwa wa kuharisha, Cape Town wanamjua vizuri na wamekuwa wakiangalia uhusiano wake na wagonjwa wa TB ambao wanameza antibayotiki miezi sita mfululizo. Sisi hapa tuna kituo kikubwa cha utafiti wa afya cha KEMRI Kilifi, mwendo mfupi tu kwa matatu, kipo tangu 1989, kwa hivo hakuna anayeweza kusema pwani haifai kufanyiwa utafiti. Natamani kwa moyo wote siku moja wazee wanaotoka wodini Malindi, Lamu na Kilifi wafuatiliwe miezi mitatu waulizwe habari ya tumbo.

Kuna nchi imewahi kumshinda?

Kumpunguza sana, Uingereza. Walikuwa wamevamiwa na aina kali inaitwa 027, hiyo hiyo iliyoitikisa Quebec, Kanada, kuanzia 2003, inatoa sumu nyingi na ilikuwa sugu kwa kundi la ciprofloxacin. Mwaka wa 2007 hadi 2008 England peke yake walihesabu wagonjwa zaidi ya 55,000. Wakabana matumizi ya ciprofloxacin na sefalosporini, wakakaza usafi, na kufikia 2012 hadi 2013 wakashuka chini ya 15,000. Utafiti wa Kate Dingle na wenzake wa 2017 ukauliza ni lipi lililofanya kazi hasa, wakasoma jeni, wakakuta zilizopotea ni zile aina sugu kwa ciprofloxacin, zile zisizo sugu zilibaki vile vile. Ingekuwa ni deki na sabuni tu zingepungua zote pamoja. Kwa hivo kubana dawa ndo kulileta tofauti kubwa.

Na ciprofloxacin hiyo hiyo hapa inauzwa kwa mtu anayewashwa na mkojo, bila kipimo cha mkojo.

Mgonjwa anataka kufunga Ramadhani.

Anayeharisha hivi anapoteza maji na chumvi kila saa, na dawa ni mara nne kwa siku. Mgonjwa ana ruhusa yake kwenye dini, atalipa akipona. Kaeni naye kwa upole, wazee wengine wanaona haya kula mchana hata wakiwa wanakufa, mpeni chumba na mtu wa kukaa naye.

Nimeanza antibayotiki juzi na leo naharisha. Niache?

Kuharisha kidogo ukiwa kwenye antibayotiki ni jambo la kawaida na mara nyingi si C. diff. Usiache mwenyewe kama umepewa kwa ugonjwa mkubwa, piga simu au rudi kwa aliyekuandikia, umwambie jina la dawa, siku uliyoanza, na umekwenda choo mara ngapi tangu jana. Nenda hospitali leo leo, usingoje kesho, ukiona damu, homa, tumbo limejaa na linauma ukiligusa, kizunguzungu ukisimama, mkojo umepungua, au umefika mara tatu za maji kwa siku na una miaka 65 au zaidi. Na la kuogopa zaidi ni mtu aliyekuwa anaharisha sana, kuharisha kukakoma ghafla na tumbo likaanza kuvimba. Huyo hajapona, utumbo umesimama, mchukulieni tuktuk au ambulensi saa hiyo hiyo, na mbebe ule mfuko wa dawa zake zote hata zilizokwisha.